"Hongera malenga" kila jioni: je, huo ndio urafiki wa washairi?

Swali la msomaji

Shikamoo mwalimu. Nimo katika kundi la mtandaoni la watu tunaopenda kutunga. Hakuna hata mmoja wetu aliyechapisha kitabu; ni mapenzi tu. Kila jioni tunawekeana mashairi, tunajuliana hali, mmoja akiugua tunamwombea. Lakini kila shairi, zuri na baya, linapata maneno yaleyale: "kongole", "hongera malenga", "kalamu yako haina kutu", na emoji za makofi. Mwenzetu mmoja alithubutu kusema mizani ya fulani, yaani hesabu ya silabi katika mshororo, imepwaya. Aligombwa mpaka akajitoa. Mimi pia niliwahi kuanikwa kosa langu mbele ya wote, nikakaa muda mrefu bila kushika kalamu. Sasa nina rafiki mle ndani, tunapendana sana. Anaweka shairi kila siku na naona hasogei. Nikimsifu najiona mnafiki. Nikimkosoa naogopa nitamfanyia nilichofanyiwa. Nifanye nini? Na mimi mwenyewe nitajuaje kama ninachoandika kina uzito?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo neno "mnafiki", maana naona ndilo linalokunyima usingizi.

Mtu anapoweka shairi lake mbele ya watu huwa anauliza mambo mawili kwa mpigo: mnaniona? na nimeweza? "Hongera malenga" hujibu lile la kwanza. Ni salamu. Anayeitikia "sijambo" huku kichwa kinamuuma hatumwiti mwongo, kwa sababu sote tunajua salamu ina kazi gani. Basi usijitese kwa kila kongole uliyoitoa. Shida huja pale kundi zima linapojisahaulisha kwamba swali la pili bado halijajibiwa. Ndipo mtu hupigiwa makofi mwaka mzima na bado hajui kama ubeti wake umesimama au umeegemea ukuta.

Kwa hiyo sitakuambia uache kuwapongeza wenzio. Nitakuambia uwape na ushahidi kwamba umewasoma. Nimehariri mashairi ya watu kwa miaka mingi, na barua za shukrani ninazozipata karibu zote hutaja jambo moja: kwamba mtu fulani, mahali fulani, aliutaja mshororo wao mmoja kwa maneno yake mwenyewe. Wengi wao hata hawakumbuki kama mtu huyo alisifu au alikosoa.

Tuchukue mfano. Ubeti huu nimeutunga mimi kwa ajili ya jibu hili, na nimeutia kasoro kwa makusudi nisije nikamwanika mtu:

Nimeketi dirishani, natazama njia ile,
Uliyopita zamani, ukaenda zako mbele,
Hamu imo moyoni, haikomi siku zile,
Rudi, taa i mezani, na kikombe chako kile.

Msomaji wa kwanza ataandika, "Kongole malenga, umetisha!" Wa pili ataandika, "Mshororo wa tatu una mizani 15 badala ya 16. Jifunze arudhi kwanza ndipo utunge." Kwa hesabu hajakosea, na huenda ndiye aliyekuumiza wewe siku ile. Sasa msikilize wa tatu: "Kikombe kimenishika. Hukusema kwamba unalia; umeweka taa na kikombe tu, nami nikamwona mtu anayesubiri. Mshororo wa tatu nimejikwaa mara mbili. Kipande cha kwanza nimehesabu nikapata mizani 7, na 'siku zile' haikuniingia, maana hamu unayoisema ni ya leo. Au ni kina cha mwisho kilikuvuta huko?"

Huyu wa tatu ameona kasoro aliyoiona wa pili, akaona na nyingine iliyo kubwa zaidi. Mizani iliyopungua huzibwa kwa silabi moja, lakini kina kilichoburuta maana mpaka wakati usio wake ni ugonjwa wa watunzi wengi na haupimwi kwa kuhesabu vidole. Hata hivyo mtunzi hataumia, au ataumia kidogo tu. Amekwisha kuambiwa ni wapi shairi lake lilisimama, na mwishoni ameachiwa swali ambalo yeye ndiye wa kulijibu. Zaidi ya hayo, amepata kitu ambacho hakuna sheria ya arudhi ingempa: sasa anajua kwamba kikombe kilifanya kazi ambayo "hamu" na "moyo" hazikuiweza. Kesho akikaa kutunga atatafuta kikombe kingine. Sifa yenye anwani hufundisha kuliko masahihisho, na hapo ndipo makundi mengi yanapopoteza nafasi, kwa kudhani kwamba ukosoaji peke yake ndio unaokuza watu na sifa ni za kubembelezea.

Tazama pia alichokiacha. Angeweza kuandika, "Sema: Hamu ingali moyoni, nakuwaza vilevile," na mizani 16 ingetimia. Lakini mshororo huo ungekuwa wake, na mwenye shairi angebaki na zawadi asiyojua aiweke wapi. Mwenye jicho kali ataona vilevile kwamba mishororo mitatu kati ya minne imefungwa kwa vionyeshi, ile, zile, kile, jambo ambalo ni dalili ya uvivu wa kutafuta vina. Ni kweli, lakini hilo lingoje siku nyingine. Mtu hubeba masahihisho mawili kwa siku. Ukimtwisha sita ataangusha yote.

Tuje kwa rafiki yako. Umesema hasogei. Nikuulize: amewahi kukuambia kwamba anataka kusogea? Wapo wanaotunga kwa sababu wanataka siku moja waitwe washairi, na wapo wanaotunga kwa sababu jioni ni ndefu na kundi lenu ndilo kampani yao. Wote wana haki ya kuwamo. Usimpe mtu wa pili dawa ya mtu wa kwanza. Muulize faraghani, kwa maneno mepesi: "Hili la leo unatugawia tu, au ungependa tulichambue?" Akikujibu kwamba anagawa tu, lisome, taja kilichokugusa, mwendelee na mazungumzo. Kutosogea kwake hakutakuwa tena mzigo wako. Akisema "chambua", shikilia shairi hilohilo moja. Usimrudishe kwenye makosa ya miezi iliyopita, wala usiseme "wewe kila mara huwa unafanya hivi". Mtu anaweza kurekebisha ubeti. Hawezi kurekebisha "kila mara".

Na fanyeni hayo pembeni. Kosa linalosemwa mbele ya wengi lina wasikilizaji wawili: mtunzi, na hadhira inayotazama mtunzi anavyolipokea. Kwa hiyo hata mtu mnyenyekevu atajitetea, kwa sababu kimya chake kitasomwa kama kushindwa. Sifa iweke hadharani, marekebisho uyapeleke kwenye ujumbe wa faragha, isipokuwa mwenyewe ameomba kundi zima limchambue. Huyo mwenzenu aliyegombwa mpaka akajitoa huenda alikuwa sahihi kabisa kuhusu mizani, alikosea mlango. Nakushauri umtafute. Mtu anayethubutu kuhesabu mizani za wenzake bila kulipwa ni msomaji wa thamani, na kundi lenu halina wa kumpoteza.

Kuna urafiki mmoja wa washairi ninaoupenda kuusimulia kwa sababu unaonyesha ukosoaji mkali ulivyoweza kukubalika. Agosti 1917, katika hospitali ya kijeshi ya Craiglockhart kule Edinburgh, Wilfred Owen, ofisa wa miaka 24 asiyejulikana, alibisha mlango wa Siegfried Sassoon, mshairi mwenye jina, akiwa amebeba nakala za kitabu cha Sassoon ili zitiwe sahihi. Wakawa marafiki. Rasimu ya shairi la Owen, "Anthem for Doomed Youth", ipo mpaka leo na ina mwandiko wa Sassoon juu yake; hata kichwa hicho Sassoon alisaidia kukipata. Kalamu ya mtu mwingine juu ya karatasi yako si jambo dogo. Lakini Owen ndiye aliyebisha mlango, walikuwa wawili tu chumbani, na Sassoon naye alikuwa akimsomea Owen mashairi yake mapya. Huo mwendo wa pande mbili ndio nauona mara chache mno mtandaoni. Ukitaka mtu akubali jicho lako, mpe kwanza shairi lako lililo bichi alikosoe. Akikukuta na wewe una kipande cha mizani 7, mtazungumza kama watu wa kazi moja.

Hata hivyo yako mashairi ya kutoguswa. Mtu aliyezika juzi akaweka beti tatu za kumlilia marehemu hajaleta kazi ya kusahihishwa. Mizani zipungue, vina vigongane, mwache. Mpe pole, taja jina la marehemu kama amelitaja, basi. Miezi ikipita, yeye mwenyewe akitaka kulirudia shairi hilo, atakwambia. Na liko jambo zito zaidi: shairi likikupa shaka kwamba mwandishi anafikiria kujidhuru, acha habari ya ushairi kabisa. Usimsifu kwa "hisia kali". Mpigie simu au mwandikie faraghani, muulize waziwazi kama ana mawazo ya kujiua, usimwache peke yake, na umsaidie kumfikia mtu wa karibu naye au mhudumu wa afya. Kumuuliza hakutampandikiza wazo hilo kichwani. Ukikuta ulikosea na lilikuwa shairi tu, aibu ya dakika mbili haiui.

Ugomvi mwingine usio na maana nitaupitia haraka. Yupo kila kundi mtu ambaye akikuta shairi huru huuliza vina viko wapi. Ubishi huo wa wanamapokeo, wanaoshika vina na mizani, na wanausasa, wanaoandika bila kufungwa navyo, uliwaka katika Kiswahili tangu miaka ya 1970, walipojitokeza akina Euphrase Kezilahabi, ambaye mwaka 1974 alichapisha diwani isiyofuata arudhi, wakabishana na wenye kuzishika sheria alizokuwa amezipanga Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954. Pande zote mbili zimetupa mashairi mazuri na takataka pia. Ukimsoma mwenzio, mpime kwa mchezo aliouchagua yeye. Shairi huru liulize kwa nini mstari umekatwa hapo na si pale. Tarbia, yaani shairi la mishororo minne kwa ubeti, ihesabie mizani.

Sasa wewe. Umeuliza utajuaje kama unachoandika kina uzito.

Kwanza, hesabu ya makofi haitakuambia. Shairi fupi la mapenzi lililowekwa saa mbili usiku, watu wamepumzika, litapigiwa makofi kuliko shairi gumu la beti 12 lililowekwa asubuhi watu wakikimbilia kazini. Kimya nacho kina sababu nyingi ambazo hazikuhusu: mtu amesoma akiwa kwenye foleni, mtu ameguswa akakosa la kusema, mtu ameahidi kulirudia akasahau, au mashairi sita yamewekwa baada ya lako likazama. Huwezi kusoma hukumu katika kitu ambacho watu hawakukiandika.

Pili, badilisha swali unalowauliza wasomaji wako. Ukimuuliza mtu "umelipenda?" umemfungia njia, adabu itajibu kwa niaba yake. Chagua watu wawili au watatu unaowaamini, nje ya kelele za kundi kubwa, na siku moja baada ya kuwatumia shairi waulize: "Unakumbuka nini?" Bila kulifungua tena. Mmoja akikutajia kikombe na mwingine akakutajia kikombe, umepata jibu. Wakikumbuka tu kwamba "lilihusu mapenzi", umepata jibu pia, ingawa halitakufurahisha.

Tatu, jirekodi ukilisoma kwa sauti, kisha sikiliza siku ya pili. Mahali ulipojikwaa wewe mwenyewe uliyelitunga, msomaji ataanguka kifudifudi. Njia hii haihitaji rafiki wala adui na inashinda nusu ya maoni utakayoyapata.

Halafu, ukikosolewa, huna deni la kutii. Katika Aprili 1862 Emily Dickinson alimwandikia Thomas Wentworth Higginson, mwandishi ambaye walikuwa hawajaonana bado, akamtumia mashairi manne na kumuuliza kama aya zake zilikuwa hai. Higginson alimpa ushauri. Dickinson alimshukuru, akajiita mwanafunzi wake, akaendelea kuandika alivyokuwa akiandika. Waliandikiana mpaka Dickinson alipofariki mwaka 1886. Alihitaji msomaji kuliko alivyohitaji msahihishaji, na nadhani wengi wenu mle kundini mko hivyohivyo. Kwa hiyo ukiambiwa kosa, hesabu mwenyewe. Ni kweli mizani zimepungua? Rekebisha, mshukuru aliyekuonyesha, hata kama mdomo wake ulikuwa mchungu. Hazikupungua, au umezipunguza kwa makusudi? Mshukuru vilevile, uendelee. Lile kosa lako lililoanikwa siku ile, je, uliwahi kurudi ukalihesabu? Kama hujarudi, rudi sasa. Nina hisia kwamba utakuta jambo dogo sana.

Liko jibu moja ambalo washairi wa Kiswahili wamelitumia tangu zamani na ambalo naona makundi ya leo yamelisahau: kumjibu mtu kwa shairi. Enzi za magazeti, kama lile la Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, mtu alituma shairi lenye swali au hoja, na matoleo ya mbele wengine wakamjibu kwa shairi. Hapana pongezi inayopita hiyo. Huwezi kumjibu mtu kwa vina vyake bila kuvisoma kwa makini, tena hakuna aliyekosolewa. Rafiki yako asiyesogea, mjibu. Chukua kibwagizo chake, ule mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti, hata kama ndicho kitu pekee kilichosimama, ujenge juu yake beti tatu. Mara nyingi nimeona mtu aliyekuwa akirudia shairi lilelile kwa mwaka mzima akishtuka kwa sababu tu kuna aliyemjibu, na sasa ana la kusema kwa mtu fulani.

Mwisho, uhifadhi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, mengi yalibaki vichwani mwa watu waliokuwa wakiyasema; ndipo baadaye Mwalimu Sikujua akayakusanya pamoja na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor, na diwani ikachapishwa mwaka 1940. Owen naye aliuawa vitani tarehe 4 Novemba 1918 akiwa amechapisha mashairi machache mno, na kitabu cha mwaka 1920 kilichomtambulisha kwa walimwengu kilitoka na utangulizi wa Sassoon. Kundi lenu halina ghala. Simu hupotea, akaunti hufungwa, msimamizi hukasirika akafuta kila kitu kwa kidole kimoja. Shairi la mwenzio likikushika, linakili mahali pako, liandikie jina lake kamili na tarehe, na umwambie kwamba umelihifadhi. Ukitaka kulipeleka kundi jingine, mwombe ruhusa kwanza, kisha lipeleke na jina lake likiwa juu. Mashairi yanayozunguka bila majina mengi yaliibwa hivyo, kwa nia njema. Akilirekebisha baadaye, usifute lile la kwanza. Weka yote mawili, maana siku nyingine mtunzi hugundua kwamba mshororo alioutupa ndio aliokuwa akiutafuta.